Kuzeekea Ugenini: Ni Kustaafu au Ni Kutoroka?

Neno "kustaafu" tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya kuomba kuachiliwa: mtu humwendea yule aliyempa kazi, akamwomba udhuru wa kuutua mzigo. Kinyarwanda hakisemi hivyo. Huku husemwa kwamba mtu amekwenda katika "izabukuru", na neno hilo lautaja uzee wenyewe, bila ya kumtaja mtu wa kuombwa. Sisi tunaofundisha Kiswahili pande hizi za Ziwa Kivu tumelipita jambo hili mara nyingi darasani kama somo la msamiati tu. Wanafunzi wakaandika, kengele ikalia, tukaenda zetu. Lakini mambo yaliyotokea mwaka 2025 yametulazimisha kulirudia kwa namna nyingine. Mtu akiazimia kustaafu katika nchi isiyo yake, ruhusa ya kuachiliwa huiomba kwa nani? Na nchi aliyoiacha ikigeuka nyuma yake, ikashikwa na watawala wengine, je, udhuru aliopewa bado wasimama, au yampasa arudi akauombe upya?

Swali hili lingeweza kuulizwa popote, walakini hapa Gisenyi huulizwa kila jioni. Mji wetu, ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 umo katika Wilaya ya Rubavu, umegusana na Goma hata mgeni asiyeonyeshwa vizuizi vya mpakani hawezi kujua mji mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi. Mpaka unaoitenga miji hii miwili uliafikiwa na Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910, nao hawakuona haja ya kuwauliza wakazi wake. Kabla ya korona kuufunga mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita kila siku katika kile kizuizi ambacho sote hukiita kwa Kifaransa Petite Barrière, aghalabu wanawake wenye mizigo ya nyanya, vitunguu na unga kichwani. Kiswahili ndicho lugha ya kizuizi hicho. Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017 tulifurahi sana, ingawa kwa mama muuza nyanya wa Gisenyi urasmi huo ulikuwa umechelewa kwa miaka mingi.

Si ajabu basi kwamba watu wengi wa Goma waliizoea fikra ya kulala upande huu na kufanya kazi upande ule, na kwamba baadhi yao, walipoanza kuota mvi, waliizoea pia fikra ya kuumalizia uzee wao upande huu. Tumfikirie mwalimu mmoja wa namna hiyo. Hatumtaji jina kwa kuwa si mtu mmoja. Tumemkusanya kutoka katika wengi. Amefundisha Goma kwa miaka 35. Alianza kazi nchi ikiitwa Zaire. Julai 1994 aliwaona Wanyarwanda karibu milioni moja wakiingia mjini mwake kwa siku chache, kisha akaona kipindupindu kikiwaua kwa maelfu. Aliiona vita ya 1996. Januari 2002 aliona moto wa mlima Nyiragongo ukiteremka na kupita katikati ya mji, na Mei 2021 akauona tena ukija. Novemba 2012 aliwaona waasi wa M23 wakiuteka mji kwa mara ya kwanza. Mtu aliyeyaona yote hayo hawezi kulaumiwa akitamani mahali pa kulala usingizi.

Mpango wake ulikuwa wa busara, nasi twausifu. Alijenga Goma nyumba yenye milango kadhaa ya kupangisha, kodi yake ikalipwa kwa dola. Kulikuwa na pensheni, ndogo na yenye kuchelewa, ambayo angeichukua benki. Dada yake mdogo, mjane, aliyebaki katika nyumba ya wazazi wao, angewasimamia wapangaji. Yeye mwenyewe angepanga kijumba Gisenyi, na kila Jumapili angevuka kwenda kusali na kuzika, maana maiti wake wote wako ng'ambo. Juni 2022, baada ya askari mmoja wa Kongo kupigwa risasi kizuizini, upande wa Kongo ulianza kufunga mpaka saa tisa alasiri, na hapo mpango ukatikisika kidogo: mazishi mengi ya Goma hayajaisha saa tisa. Lakini alijikaza, akawa anaaga kabla ya udongo kujaa kaburini.

Tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma tena. Makombora yaliangukia Rubavu pia, na watu wakauawa upande huu wa mpaka. Benki za Goma zikafungwa, kwa kuwa serikali ya Kinshasa haikuwa tayari kuona fedha zake zikipita mikononi mwa watawala wapya. Uwanja wa ndege ukafungwa. Noti zikaadimika, hata watu wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta fedha taslimu. Sasa tumtazame mwalimu wetu. Yeye hakuhama hata hatua moja. Nyumba aliyolala usiku ule ndiyo aliyolala usiku wa kabla yake. Lakini pensheni ilikuwa ndani ya benki iliyofungwa, wapangaji walikuwa wamekimbia au hawakuwa na cha kulipa, na barua ya ofisi ya serikali iliyoshuhudia miaka yake ya kazi ilitoka katika ofisi ambayo haikuwa tena na mtu mezani. Ndipo alipotambua kwamba uzee wake wa Gisenyi ulikuwa umesimama juu ya nguzo zilizochimbiwa Goma. Alidhani ameiacha nchi yake; kumbe alikuwa ameuhamisha mwili peke yake.

Hili twaliona kuwa jambo la kwanza la kuzingatiwa, nalo husahauliwa na wengi wanaopanga kuzeekea ugenini, wawe Gisenyi au Brussels au Muscat. Kijana akienda ugenini huenda na mikono yake, na mikono hupata kazi mahali popote. Mzee huenda na haki zake za jana: akiba, kodi, pensheni, uraia, heshima ya watu waliomfahamu alipokuwa na nguvu. Haki za jana huishi kule zilikochumwa. Kwa hiyo yule anayezeekea ugenini huitegemea nchi yake kuliko yule aliyebaki, maana aliyebaki akikosa pensheni ana shamba, ana jirani, ana mtoto wa ndugu wa kumtuma dukani.

Kisha likaja jambo la pili, zito kuliko fedha. Serikali ya Kongo na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameishutumu Rwanda kwamba iliwaunga mkono hao walioiteka Goma; Serikali ya Rwanda imekanusha. Si kazi ya kurasa hizi kuwa mahakama ya shauri hilo. Lakini mwalimu wetu hakupewa nafasi ya kutokuwa na upande. Wale aliosoma nao na kufundisha nao waliokimbilia mbali wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini: huyu alijuaje mapema pa kulala? Mpango alioufanya miaka kumi nyuma, kwa ajili ya umeme, maji na usingizi, ukasomwa upya kana kwamba ulikuwa tamko la kisiasa. Mabadiliko ya utawala hayaishii kubadilisha yatakayokuja. Huyageuza hata yaliyokwisha kutendwa, yakapata maana ambayo mtendaji hakuikusudia.

Je, ana hatia? Wako wasemao ndiyo, nao hututajia methali: mwacha asili ni mtumwa; usiache mbachao kwa msala upitao. Husema kwamba mtu aliyelishwa na mji wake kwa miaka 35 hana haki ya kuupelekea mji wa jirani miaka yake ya hekima, ilhali vijana wa kwao hawana wa kuwaonya. Wako wengine wasemao kwamba mzee hadaiwi. Amefanya kazi, amelipwa kidogo, mara nyingine hakulipwa kabisa. Nchi iliyoshindwa kumlinda barabarani na kumlipa haki yake kwa wakati haina kinywa cha kumwita msaliti.

Twaona kwamba hawa wa pili wamesema kweli kuhusu serikali. Ahadi ni ya pande mbili, na upande mmoja ukiivunja, wa pili hauwezi kuitwa mvunjaji kwa kuondoka tu. Ni jambo lijulikanalo kwamba nchini Kongo walimu wengi wa serikali waliendelea kushika chaki wakiwa wamepita umri wa kupumzika, si kwa mapenzi ya kazi, bali kwa sababu haki zao za kustaafu hazikulipwa. Serikali ya namna hiyo haikuombwa udhuru, maana ni yenyewe iliyotoroka kwanza.

Lakini serikali siyo iliyomwajiri mwalimu wetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu wake, wazazi ndio waliowalipa, kwa ile ada waliyoizoea kuiita "prime", na hali hiyo iliendelea mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Fedha iliyojenga nyumba ile yenye milango ya kupangisha ilitoka katika vitambaa vilivyofungwa fundo, vya akina mama waliouza mkaa na mihogo, nao walilipa hata katika mwaka ambao wenyewe walilala na njaa. Hao ndio waajiri wake wa kweli. Basi tukilirudisha neno letu katika asili yake, hao ndio aliopaswa kuwaomba kuachiliwa. Na twamwuliza mwalimu, kwa upole kabisa, kama aliwahi kuwaomba, au alidhani kwamba aliyekosana na serikali amekwisha kumalizana na watu.

Tusifanye haraka kumhukumu, hata hivyo, kwa maana historia ya pande hizi haijawahi kumpa mtu nafasi ya kupanga uzee wake kwa utulivu. Kuanzia mwaka 1959 Wanyarwanda wengi waliikimbia nchi hii, wakaenda Kongo, Uganda, Burundi na Tanganyika. Vijana wao wakazeeka huko bila ya kupanga kuzeekea huko. Mwaka 1986 chama kilichotawala Rwanda, MRND, kilitangaza kwamba nchi haikuwa na nafasi ya kuwarudisha wote. Upande wa Zaire, watu wa asili ya Rwanda waliokaa Kivu tangu zamani walipewa uraia kwa sheria ya mwaka 1972, kisha sheria hiyo ikafutwa na ile ya mwaka 1981. Watu wa namna hii walikuwa wazee wa mahali pasipo jina: kule walikotoka waliambiwa hapana nafasi, na kule walikokaa waliambiwa wao si wa hapo. Mwaka 1994 mambo yakapinduka, nao wakarudi kwa mamia ya maelfu. Wamo katika chama chetu walimu waliojifunza Kiswahili wakiwa watoto wa wakimbizi hao, na Kiswahili chao mpaka leo chaonyesha ni upande gani wa mpaka walikolelewa.

Baadhi ya wazee wale, walipoitwa na watoto wao kurudi, walisita. Walikuwa wamekwisha kuyakubali makaburi ya ugenini. Twalitaja hili kwa kuwa mazungumzo ya kuzeekea ugenini huchukulia daima kwamba nchi ya nyumbani itabadilika kwa ubaya, na kumfukuza mtu. Yaweza pia kubadilika kwa namna ya kumwita, naye akawa hana tena miguu ya kuitikia. Huzuni ya huyo wa pili si ndogo kuliko ya yule wa kwanza, ingawa magazeti hayaiandiki.

Kuna mtu mwingine tusiyeweza kumpita tukizungumzia uzee wa Gisenyi, naye ni Mmarekani Rosamond Carr. Alizaliwa mwaka 1912, akafika Kongo mwaka 1949, kisha akahamia Rwanda akawa mkulima wa maua huko Mugongo, chini ya milima ya volkano, si mbali na hapa. Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, alihamishwa pamoja na wageni wengine. Wengi wakadhani hadithi yake imekwisha, maana alikuwa na umri wa kutosha kupumzika kwao bila ya kuulizwa na mtu. Mwaka ule ule alirudi, na Desemba 1994, akiwa na miaka 82, akafungua makao ya watoto yatima, Imbabazi. Alifariki Gisenyi Septemba 2006 na akazikwa Mugongo.

Watu humsifu, nasi twamsifu, lakini twaomba sifa hiyo ipimwe vizuri. Aliweza kuhamishwa kwa sababu nyuma yake palikuwa na nchi iliyosimama imara na pasipoti iliyoheshimiwa kila kizuizi. Wanyarwanda aliofanya nao kazi hawakuwa na ndege ya kuwachukua. Kuzeekea ugenini kwake kulikuwa hiari kwa maana kwao kulikuwapo. Hapo ndipo ilipo tofauti kati yake na mwalimu wa Goma, ambaye nchi yake ilipotikisika hiari yake iligeuka ukimbizi akiwa amekaa kwenye kiti kile kile. Linalotuvutia zaidi kwa bibi yule si kwamba alikaa ugenini, ila kwamba alirudi kwa watu ambao amani ilipokuwapo walikuwa wakimfanyia kazi, akawa yeye sasa wa kuwafanyia kazi watoto wa nchi hiyo. Uzee wake ugenini haukuwa wa kuchukua tu.

Hayo yanaturudisha kwa yule dada mjane tuliyemtaja na kumwacha. Katika Kiswahili malipo apewayo mtu amalizapo kazi huitwa "kiinua mgongo", nalo ni neno zuri, la mkulima aliyeinama kutwa akapewa nafasi ya kujinyoosha. Walakini kila tukiuchunguza mpango wa mtu anayezeekea ugenini, twakuta mgongo mwingine ulioinama ili ule wa kwanza uinuke. Yuko anayebaki kuilinda nyumba. Yuko anayekwenda ofisini kupanga foleni kwa ajili ya karatasi, anayemsihi mpangaji, anayefagia makaburi, anayeuguza mama. Huyu hatajwi katika mpango, kama vile nguzo isivyotajwa na anayeisifu paa. Na utawala unapobadilika, ndiye anayepambana na watawala wapya: ndiye anayeulizwa nyumba hii ni ya nani, mwenyewe yuko wapi, na kwa nini alikwenda huko.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye uzito wa swali zima, wala si katika mpaka. Kulala Gisenyi si dhambi, na kulala Goma peke yake si uaminifu. Wako waliobaki Goma wakawauza jirani zao, na wako waliokaa Gisenyi wakawalisha. Anayeondoka atazamwe kwa kuulizwa kama yule aliyebaki alibaki kwa kutaka au kwa kuachiwa. Ikiwa mtu ameijenga raha yake juu ya ndugu ambaye hakuulizwa, huko ni kutoroka hata kama hati zake zote zina mihuri. Tena twasema wazi kwamba sheria haziwezi kumsaidia sana. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu ulitiwa sahihi hapa hapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, kwa nia ya kuwafanya watu wa Rwanda, Burundi na Zaire wapite na kukaa kwa urahisi. Vita vya miaka ya 1990 viliilaza kwa muda mrefu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo ndio mpaka ulipoanza kufungwa saa tisa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 hairuhusu uraia wake kuchanganywa na mwingine, hivyo mwalimu wetu akitaka kuwa mwenyeji kamili huku hana budi kuacha kuwa mwenyeji kule, na baada ya hapo nani atakayemwamini akisema kwamba alifuata maji na umeme?

Tulimsimulia mwenzetu mmoja mawazo haya kabla ya kuyaandika, naye akasema jibu ni rahisi: mwalimu amchukue dada yake waje wakae wote Gisenyi. Twakiri kwamba na sisi tulianza kwa kuwaza hivyo. Lakini tukamfikiria yule dada akisikiliza, mikono imefungwa kifuani, katika ua wa nyumba ya wazazi, wapangaji wawili watatu wakiwa wameanza kurudi. Kaka yake amekwisha kumweleza habari za ziwa, na za hospitali, na za usiku usio na milio. Amemwacha amalize, kwa adabu, kama mdogo amsikilizavyo mkubwa wake. Kisha amemwuliza: "Na nikija huko, kaka, nani atakusanya kodi inayokulisha?"